Besi Lenye Mwandiko wa Kaka

Haya, mmenishinda. Wiki nzima simu ya mhariri haikupoa, kila mtu anauliza Msasa ameona nini ndani ya lile gitaa la besi. Kuna dada mmoja ameapa kwamba nisipomwambia leo, gazeti hili atakuwa analinunua la kufutia vioo tu. Dada, weka kitambaa chini, uketi.

Msasa ameona mwandiko.

Amesimama kwenye karakana iliyo nyuma ya duka la mumewe, bisibisi bado iko mkononi. Skrubu nne ziko mezani. Shingo ya besi ameitenganisha na mwili wake, na pale kwenye maungio, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki, kuna maneno ya penseli. Herufi zimelala kushoto kama zinachungulia dirishani. Ni mwandiko wa kaka yake, hakuna ubishi.

Na tarehe iliyoandikwa ni ya miezi miwili iliyopita.

Sasa wewe uliyeliokota gazeti leo utasema, kwani ajabu iko wapi kaka mtu akiandika? Ajabu ipo. Kaka mtu hajashika penseli kwa miaka sita. Hashiki hata kijiko. Mikono yake iliungua siku karakana yao ilipoteketea, na aliyesahau kuzima jiko la kuyeyushia gundi siku hiyo, ukoo mzima unajua, ni Msasa. Kila Jumapili anakwenda kumlisha kaka yake, tonge kwa tonge, na kila Jumapili anarudi nyumbani macho mekundu.

"Mbona kimya?" aliuliza Kibega. "Ni lenyewe au ni nakala?"

Huyu Kibega ndiye mwenye besi. Miaka ishirini ya kupiga kwenye bendi za harusi imelishusha bega lake la kushoto, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo isiyoonekana. Alikuwa amepita mlango wa uchochoroni ili watu wa dukani wasimwone.

"Nakala," alisema Msasa.

"Mama yangu!" Kibega aliketi kwa kishindo juu ya kopo la vanishi. "Nimeambiwa ni la kale, la wenyewe. Nimeuza pikipiki, dada. Na pikipiki yenyewe ni ya shemeji yangu, hajajua bado."

Hapa tuelewane kidogo. Nakala si dhambi. Duka la mume wa Msasa linauza nakala tupu, magitaa na mabesi yenye sura ya yale ya zamani yaliyovuma, kwa bei ambayo hata mwalimu wa shule anaimudu. Nyuma ya kila kichwa cha gitaa kumepigwa muhuri wa moto: NAKALA. Mtu ananunua akijua anachonunua. Lakini hili besi muhuri wake ulikuwa umekwanguliwa, mwili umepigwa msasa na kupakwa maji ya majani ya chai mpaka likaonekana limezeeka kwa jasho la watu. Huo ni wizi, hauna jina jingine.

"Nani kakuuzia?"

"Sikumwona. Tuliongea kwenye simu tu, besi likaletwa na mtu wa pikipiki. Mstaarabu kweli, sauti ya upole. Kila nikimhimiza ananiambia, usiwe na wasiwasi, mambo mazuri hayataki mbio."

Msasa aliyasoma tena yale maneno ya penseli. Chini ya tarehe palikuwa na mstari mwingine: Kasoro – mti wa shingo haujakauka vizuri. Usiikaze kwa haraka.

Huo ndio uliokuwa utaratibu wa karakana ya kaka yake. Hakuna chombo kisicho na kasoro, alikuwa akisema, na fundi anayeificha atakuja kuwadanganya hata wanawe. Kwa hiyo kila besi, kabla ya kufungwa shingo, liliandikiwa kasoro yake ndani, ili fundi atakayelifungua baadaye asihangaike. Hakuna karakana nyingine inayofanya hivyo.

Sasa ni mwizi gani huyu anaandika ukweli ndani ya wizi wake?

Msasa aliligeuza besi. Akakitazama kibao cha plastiki kilichofungwa kifuani, akahesabu skrubu. Moja, mbili. Ya tatu ilikuwa imekaa pembeni, nje ya mstari, kama jino lililoota vibaya.

Akaliinamia besi mpaka paji la uso likagusa mbao.

"Unaumwa?" Kibega aliuliza.

Haumwi, Kibega, anakumbuka. Zamani kaka yake aliazima besi la kweli kutoka kwa mpigaji mmoja mstaafu, akalichongea kigezo cha mbao cha kunakilia. Besi lile lilikuwa limewahi kutengenezwa vibaya, skrubu moja ikahamishwa. Kaka akalinakili na kosa lake, na mabesi yote ya karakana yakazaliwa na jino lile. Kigezo hicho kilikuwa na vigezo vingine kwenye ghala la karakana siku ya moto. Kiliungua, wakaambiwa wote. Msasa alipohamia duka la mumewe alichonga kigezo kipya, na tundu la ile skrubu akalinyoosha.

Kama kile cha zamani kiliungua, hili tundu limetoka wapi?

Kulikuwa na jibu moja tu. Kigezo kilitolewa ghalani kabla. Na mtu haokoi vitu kutoka kwenye moto ambao bado haujawaka, isipokuwa kama anajua utawaka. Basi moto haukutoka kwenye jiko la gundi. Basi haukuwa wake! Msasa alishika meza kwa mikono miwili. Miaka sita ya kuomba msamaha, miaka sita ya shangazi zake kumnong'ona kwenye kila harusi na kila msiba, na huenda hakuwa na kosa. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Niachie hili besi mpaka jioni," alisema.

"Nikuachie? Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, dada yangu. Na leo ung'ongo wangu ni wewe."

Msasa hakubishana. Alizirudisha skrubu nne, akaifunga shingo na kuzivuta nyuzi, kisha akalichukua sanduku lake la zana na kumsukumia. "Shika. Fundi bila zana hakimbii mbali. Jioni njoo na hilo, nitakuwa na jina la mwizi wako."

Kibega alilipima sanduku kwa mkono, akaliona zito, akaridhika. Akatoka kwa mlango wa uchochoroni. Hajui kwamba mfukoni mwa aproni Msasa alikuwa amebakiza ufunguo mmoja mdogo uliopinda, ule wa kukazia chuma kinachopita ndani ya shingo ya besi.

Pazia la upande wa dukani likasogea.

"Ulikuwa na mgeni?"

Ni mume wake. Mtaa mzima unamwita Bwana Taratibu, kwa sababu hajawahi kuonekana akiharakisha, hata mvua ikimkuta katikati ya barabara.

"Mgeni gani? Nilikuwa naongea na besi," alisema Msasa. Katika ndoa yao huo ulikuwa uongo wake wa kwanza, na ulitoka laini mpaka mwenyewe akashangaa.

"La nani hilo?"

"La mteja. Nyuzi zinakwaruza."

Bwana Taratibu alitazama ukutani, akatazama feni, akatazama kucha zake. Besi hakulitazama. Mtu ambaye hata msibani macho yake huenda kwanza kwenye gitaa, leo besi liko mbele yake na halitazami!

"Liache hapo, nitalishughulikia mwenyewe."

"Nakwenda nalo dukani kwa wauza rangi. Nataka vanishi inayofanana nalo."

"Vanishi si ipo?"

"Hii imeganda."

Mumewe alitabasamu. Alimwekea mkanda wa mfuko wa besi begani vizuri, kama mume mwema, akampisha mlangoni.

"Haya, mke wangu. Usiharakishe. Mambo mazuri hayataki mbio."

Msasa alitembea hatua kumi bila kupumua.

Alitaka kujidanganya. Watu wangapi husema hivyo? Mia. Elfu. Lakini miguu haikusikiliza, ilikuwa inakimbia, na haikuelekea kwa wauza rangi. Ilielekea nyumbani kwa kaka yake.

Wifi yake ndiye aliyefungua. Hakusema karibu, hakuuliza habari.

"Wifi! Leo si Jumapili!"

"Kwani kaka yangu ana saa za kuonwa kama wodini?"

"Hapana, ila... WIFI YUKO HAPA!" alipaza sauti kuelekea ndani, kama nyumba nzima imezibwa masikio. Huko ndani kitu kikaburuzwa sakafuni. Mlango ukafungwa.

"Nyumba inanuka vanishi," alisema Msasa.

"Tunapaka kabati."

"Kabati gani?"

Wifi alijifunga khanga yake upya, na haikuwa imelegea.

Kaka alikuwa kwenye kiti chake kilekile karibu na dirisha. Shuka magotini, mikono chini ya shuka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kuna nini? Mama kafa?"

"Mama mzima, anakula kutushinda sote. Nimekuletea kitu ukione." Alilitoa besi kwenye mfuko akaliegemeza pajani. Kwa sekunde moja tu, macho ya kaka yalilikimbilia lile besi jinsi mzazi anavyomkimbilia mtoto getini. Halafu yakarudi nyuma.

"Zuri. La nani?"

"La mteja. Shingo imepinda, naikaza hapahapa halafu nakwenda zangu."

Akaingiza ule ufunguo uliopinda kwenye kichwa cha besi. Akazungusha. Robo mzunguko ndiyo fundi hufanya, kisha husubiri siku nzima mti uzoee. Msasa alizungusha mzunguko mzima.

"Polepole," alisema kaka.

"Nina haraka." Akazungusha wa pili.

Nyuzi zikalia. Jasho likamtoka kaka juu ya mdomo.

"Msasa."

"Ni kibesi cha bei rahisi tu, kaka. Kikivunjika, kivunjike." Akauanza wa tatu, na ndani ya shingo mti ukalia kwa sauti ndogo, mlio wa kitu kinachokaribia kupasuka.

Wasomaji wangu, fundi atavumilia njaa, atavumilia matusi, atavumilia hata kulishwa uji na dada yake mbele za watu. Lakini kukaa akitazama kazi ya mikono yake inavunjwa, hilo hawezi. Shuka likaruka. Kaka alikuwa tayari amesimama, vidole vitano imara vimekishika kiganja cha Msasa kama jiliwa linavyobana ubao.

"Utauvunja! Si nimekuandikia usiikaze kwa haraka?"

Msasa alivitazama vile vidole. Ngozi yake ilikuwa na makovu, ndiyo, imevutana na kung'aa. Lakini ilishika. Na chini ya kucha kulikuwa na vumbi la mbao.

"Jumapili iliyopita," alisema taratibu, "nilikupulizia uji kwa sababu ulisema ni wa moto."

"Mdogo wangu..."

"Nilikufuta mdomo!" Alimpiga kofi la bega, akampiga la pili. "Nilikufuta mdomo, mtu mzima wewe! Miaka sita nakulisha kama kifaranga, kumbe una mikono ya kuchonga mabesi ya wizi! Miaka sita nalala na moto kichwani!"

Hakumzuia. Alisimama akipokea makofi mpaka dada yake akachoka.

"Iliungua kweli," alisema. "Mwaka wa kwanza sikuweza hata kufunga kifungo. Hilo sikudanganya."

"Na kigezo? Kilitolewa ghalani kabla ya moto au baada?"

Kaka alimtazama mkewe aliyesimama mlangoni. Kisha akajibu.

"Kabla."

Msasa aliketi sakafuni palepale alipokuwa. Neno moja tu, na kitu alichokibeba kifuani miaka sita kikateremka. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Jiko la gundi ulilizima," kaka aliendelea. "Niliingia mle ndani kutafuta njia, mkono ukaligusa. Lilikuwa baridi. Moto ulianzia upande wa ghala."

"Ulijua. Na ukanyamaza."

"Ulikuwa na mimba ya miezi saba. Ningekwambia, ungekwenda kujifungulia wapi?"

"Ningejifungulia wapi? Si kwa mume w..."

"Ndiye aliyevitoa vigezo," alisema kaka. "Alikuwa anataka uhamie dukani kwake, na wewe ulisema huwezi kuniacha. Karakana ilipoisha, ukahama. Mikono yangu ilipopona akaja na vigezo vyangu kwenye gunia. Akasema nitengeneze humu ndani, nisionekane, yeye atauza. Nikikataa, atakwambia kwamba nilijua na nikakuacha ubebe lawama. Nikaogopa, mdogo wangu. Nilikuogopa wewe kuliko yeye."

Maneno yalikuwa yamepangika vizuri, moja nyuma ya jingine, kama yaliyokuwa yakisubiri siku hii kwa muda mrefu. Msasa aliliona hilo. Lakini mtu aliyetoka kuambiwa hana hatia hataki kumhoji aliyemwambia, akalipuuza.

"Hodi wenyewe!"

Sauti ilitoka nje. Sauti ya upole, isiyo na haraka.

Wifi alijiziba mdomo. Na kaka, yule kaka aliyekuwa akizungumza kama mwanamume dakika moja iliyopita, alikuwa tayari kitini, analivuta shuka juu ya mikono.

"Toa mikono," alisema Msasa.

"Mdogo wangu, tusubiri kwanza, tupange..."

"Toa! Leo hakuna mtu atakayeficha kitu ndani ya nyumba hii."

Alifuta machozi kwa aproni, akaenda kufungua mlango mwenyewe. Bwana Taratibu alikuwa amesimama kizingitini, shati limenyooka, hana hata tone la jasho. Alikuwa amemfuata mkewe njia nzima kwa mwendo wake uleule.

"Vanishi ulipata?" aliuliza.

"Nimepata, na rangi zote. Karibu, mume wangu. Kaka anataka kukusalimia. Mpe mkono."

Aliyasema hayo akimkazia macho, akingoja uso ule uanguke. Kaka aliunyoosha mkono wake wenye makovu, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza katika miaka sita.

Uso haukuanguka. Bwana Taratibu aliutazama mkono, akaupokea, akautikisa kwa heshima zote.

"Hongera, shemeji. Umepona." Hakuuachia. Akamgeukia mkewe. "Amekwambia vigezo nilivitoa mimi?"

"Ameniambia."

"Ni kweli."

Msasa alikuwa amejiandaa kwa uongo. Kwa ukweli hakuwa amejiandaa.

"Mabesi nayauza, hilo nalo ni kweli, utanipeleka unakotaka," alisema mumewe kwa sauti ileile. "Vigezo nilivitoa ghalani asubuhi ya siku ile, kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo nilipigiwa simu kutoka nyumba hii. Nikaambiwa, njoo ukavichukue kesho mapema, jioni havitakuwepo. Moto mimi sikuuwasha, mke wangu. Niliuweka siri tu. Sasa shemeji akwambie kiberiti kilikuwa mkononi mwa nani."

"Mwongo!" wifi alipiga kelele. "Mwongo huyo, usimsikilize!"

Kaka hakupiga kelele. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa Bwana Taratibu, na alikuwa ameacha kuuvuta.

"Kaka," alisema Msasa. "Sema ni uongo. Neno moja tu, nitakuamini."

Kaka hakumtazama yeye, wala hakumtazama Bwana Taratibu. Alikuwa akimtazama mkewe, na wifi alikuwa akirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, kuelekea mlango wa uani.